Fundi wako hajitumi? Angalia anachokosa kabla hujamuahidi bonasi

Ukikaa na wenye ofisi ndogo ndogo, awe wa saluni, gereji, ushonaji au duka la dawa, malalamiko yao yanafanana mpaka unachoka, vijana wa siku hizi hawajitumi, ukigeuka tu wako kwenye simu, ukimuongezea hela anachangamka wiki mbili halafu anarudi palepale. Na dawa wanazozijua ni mbili, kufoka au kuahidi bonasi. Kufoka kunafanya kazi mpaka pale utakapotoka nje kupokea simu. Bonasi nayo ina mambo yake, tutafika.

Mimi niko kwenye ushonaji, sare za shule hasa, kwahiyo mifano yangu mingi ni ya cherehani, wewe wa gereji au saluni utageuza mwenyewe. Ninachoshikilia ni hiki: mtu aliyeamka saa kumi na moja alfajiri akagombania daladala mbili ndio afike kwako, huyo hajaja bila hamu ya kazi, hamu anayo, ila kuna kitu kinaimaliza na mara nyingi hicho kitu kipo hapohapo ofisini au kimemfuata kutoka nyumbani. Sasa badala ya kuwaza nimpe motisha gani, tafuta kwanza kinachoimaliza ile aliyokuja nayo. Watu wa saikolojia wamelihangaikia hili swali zaidi ya miaka 80 na kuna vitu wamevipata ambavyo unaweza kuvitumia kesho asubuhi bila kulipia semina ya mtu hotelini.

ANZIA TUMBONI ILA USIISHIE HAPO

Jina utakalokutana nalo kila mahali ni Abraham Maslow, Mmarekani, mzaliwa wa Brooklyn, mwaka 1943 aliandika makala akasema mahitaji ya binadamu yana mpangilio wake, kwanza ya mwili kama chakula na usingizi, halafu usalama, halafu kupendwa na kuwa na watu wako, halafu heshima, mwisho kabisa ni ile hamu ya mtu kufikia kile anachojijua anakiweza. Kwenye semina wanakuchorea piramidi. Ile piramidi Maslow hakuichora kwenye makala yake, wamekuja kuichora watu wa mambo ya menejimenti baadaye, na ina kasoro moja kubwa, inakufanya uamini kwamba mtu lazima amalize ngazi ya chini ndio aanze kuhisi ya juu. Mwenyewe alisema tofauti kabisa, alitoa mfano kwa namba za kukadiria tu, kwamba mtu wa kawaida anaweza akawa ameridhika asilimia 85 kwenye mahitaji ya mwili, 70 kwenye usalama, 50 kwenye kupendwa, 40 kwenye heshima na 10 kwenye ile ya mwisho. Yaani yote yanadai kwa wakati mmoja, kinachotofautiana ni lipi linadai kwa nguvu leo.

Na hili kwetu hata halihitaji profesa. Unamkuta mama hana hela ya kula mchana lakini mchango wa harusi ya mtoto wa jirani ameutoa na kitenge cha sare ya siku hiyo ameshanunua, kwasababu kwake heshima na watu wake havisubiri tumbo lijae. Kwahiyo usije ukasema huyu maskini mpe hela tu, mambo ya kuheshimiwa atayajali akishiba. Anayajali sasa hivi.

Ila tumbo nalo lipo, na mwenye njaa hana miiko. Kuna utafiti ulitoka mwaka 2013, walifanyia wakulima wa miwa 464 kule Tamil Nadu, India. Mkulima wa miwa hela yake inakuja kwa mkupuo baada ya mavuno, kwahiyo walimpima mtu yuleyule mara mbili, kabla ya mavuno akiwa amekauka na baada ya mavuno akiwa nazo, na kwenye yale maswali ya kupima kufikiri na umakini alifanya vibaya zaidi kipindi amekauka. Hajabadilika mtu wala hajapungua elimu, ni mawazo ya hela tu yamejaa kichwani. Sasa mchukue fundi wako mwenye mkopo wa kausha damu unaodai kila siku jioni na mwenye nyumba anayetaka kodi ya miezi sita kwa mpigo, halafu ushangae kwanini amekata mikono ya shati yote ya upande mmoja.

Cha kufanya hapa wala sio kikubwa. Lipa tarehe moja isiyobadilika. Hili naliweka juu ya vyote, laki mbili na nusu inayokuja kila tarehe 30 bila kukosa inamsaidia mtu kuliko laki tatu inayokuja kwa mafungu ya leo chukua elfu ishirini keshokutwa nitakumalizia, maana huyu wa mafungu hawezi kupanga chochote, hawezi hata kuingia kwenye mchezo na wenzake kwasababu hajui siku ya kutoa atakuwa na nini. Pili ongea na mama ntilie wa hapo jirani wapate mchana kwa pamoja, ulipe wewe kwa wiki, ukipiga hesabu unakuta ni hela ndogo kuliko vitambaa vinavyoharibika kuanzia saa nane. Tatu weka utaratibu wa kukopa mshahara ambao kila mtu anaujua, mathalani mwisho ni robo, unaandikwa kwenye daftari na unakatwa mwezi huohuo au miwili, kwasababu bila utaratibu mtu atakuja kukupigia magoti mbele ya wateja, na ukishampigisha mtu magoti hata kama umempa hela umemnyang'anya kitu kingine.

Halafu usalama. Mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Wengi tunaogopa mkataba tukidhani unatufunga sisi, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inakuhusu uwe umeandika au hujaandika, saa za kawaida hazitakiwi kuzidi 45 kwa wiki, zikizidi ni ovataimu ya mara moja na nusu, na likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Mtu anayejua hatafukuzwa kwa hasira za Jumatatu anakuwa na ujasiri wa kukwambia bosi hii mashine inaruka mishono, badala ya kukaa kimya mpaka dazeni nzima iharibike.

FENI HAISHONI

Sasa hapa ndio wengi wanapokwama, umetengeneza mishahara, umeweka feni, choo ni kisafi, chakula kipo, na bado watu wanafanya kazi ya kiwango cha usinifukuze. Unaanza kusema hawana shukrani.

Frederick Herzberg na wenzake waliwahoji wahandisi na wahasibu kama 200 hivi wa eneo la Pittsburgh, matokeo wakayachapisha mwaka 1959. Swali lao lilikuwa zuri sana kwa urahisi wake, nisimulie kipindi ulichojisikia vizuri sana kuhusu kazi yako, halafu nisimulie kipindi ulichojisikia vibaya sana. Ungetegemea majibu yawe kinyume cha mwenzake, wakati mzuri mshahara ulikuwa mzuri, wakati mbaya mshahara ulikuwa mbaya. Haikuwa hivyo. Waliposimulia mabaya walitaja sera za kampuni, msimamizi mkorofi, mazingira, mshahara. Waliposimulia mazuri walitaja kufanikisha kitu, kutambuliwa, kazi yenyewe, kukabidhiwa jukumu. Ni vitu viwili tofauti. Watafiti waliokuja nyuma yake wamemkosoa sana kuhusu njia aliyotumia, wanasema mtu akisimulia mazuri anajisifia na akisimulia mabaya analaumu wengine, na wana hoja, lakini kwa mwenye ofisi ile tofauti ni msaada mkubwa: kuna vitu ukivikosea watu wanachukia kazi, ukivipatia hawaichukii tena, basi. Hawaipendi kwasababu ya choo. Feni inafanya mtu aache kulalamika joto, haimfanyi ashone kola ikae sawa.

Hiyo haina maana feni uiondoe, tafadhali. Nimeona watu wakisoma vitu kama hivi wanachomokea upande wa kwamba kumbe hela sio muhimu, wanaanza kutoa vyeti vya mfanyakazi bora wa mwezi kwa watu ambao hawajalipwa tangu mwezi juzi. Huo ni uhuni. Ukishalipa vizuri na kwa wakati ndio hela inaacha kuwa mada, na ndio mnaanza kuongelea kazi.

BONASI, FAINI NA MALIPO KWA PISI

Mwaka 1973 kwenye chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford walichukua watoto ambao tayari wanapenda kuchora. Kundi moja waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe wakichora, kundi la pili walipewa kile cheti kwa kushtukizwa baada ya kuchora, la tatu hawakupewa kitu. Baada ya wiki moja mbili hivi zile kalamu zikawekwa tena darasani, anayetaka achore asiyetaka aache. Waliokuwa wameahidiwa walichora kama nusu ya muda wa wenzao. Wale walioshtukizwa hawakupoteza hamu. Yaani cheti sio tatizo, tatizo ni ile chora nikupe, mtoto anaanza kuona kuchora ni kitu cha kufanya ukilipwa. Edward Deci alishaona kitu kinachofanana mwaka 1971 kwa wanafunzi wa chuo waliokuwa wanalipwa dola moja kwa kila fumbo la vipande wanalolitatua, malipo yalipokoma hamu ya kuligusa lile fumbo wakati wa kupumzika ikashuka.

Baadaye zikakusanywa tafiti 128 za namna hii, na picha ikawa hivi: zawadi inayojulikana kabla inapunguza hamu kwenye kazi ambayo mtu aliipenda, sifa ya maneno inaongeza, na kwenye kazi inayoboa toka mwanzo zawadi haina cha kuharibu. Hicho kipande cha mwisho watu wanakisahau na ndicho cha faida. Kukata nyuzi zilizobaki, kupiga pasi mashati mia tatu, kufunga kwenye nailoni, hakuna anayezaliwa anapenda kupiga pasi mashati mia tatu, hapo weka posho ya ziada waziwazi na usione aibu. Ila yule binti anayependa kubuni gauni, anayekaa mpaka jioni akipanga vipande vya kitenge mezani ili maua yakutane kwenye mshono, huyo usimwambie ukibuni mitindo mitano nakupa elfu hamsini. Atakuletea mitano kweli, ya kukopi mtandaoni. Mwache abuni, gauni likiuzwa vizuri mpe kitu kwa kushtukiza, na mwambie ni kwasababu gani, mteja alisemaje, alishika wapi.

Malipo kwa pisi, yaani fundi analipwa kwa kila nguo anayoshona, yanahitaji aya yake maana ofisi nyingi za ushonaji zinaishi hapo. Sio mabaya, mtu anapenda kuona jasho lake moja kwa moja, na Januari bila pisi huwezi kumaliza oda. Lakini pisi inalipa kitu kimoja tu, idadi, kwahiyo utapata idadi. Chukua shati lililoshonwa jioni ya kukimbiza pisi ulishike kwenye mwanga wa dirisha, utaona ncha moja ya kola ni ndefu kuliko mwenzake, vifungo vimepishana na matundu yake nusu inchi, ndani ya mfuko uzi unaning'inia na upindo wa chini umepanda na kushuka. Huyu fundi sio mbovu, shati la mwanaye analishona likakaa kama la dukani. Namna nzuri ni kuwa na kiwango cha chini cha uhakika kwa siku, pisi juu yake, na shati linahesabiwa likipita mezani kwa mkaguzi, sio likitoka kwenye mashine, na huyo mkaguzi awe fundi mwenzao wa zamu, asiwe wewe kila siku.

Faini ndio usiseme. Wenye ofisi wanapenda, ukichelewa elfu mbili. Kule Haifa, Israel, kulikuwa na shida ya wazazi kuchelewa kuchukua watoto chekechea, watafiti wakachukua chekechea 10, kwenye 6 kati yake wakaweka faini ya shekeli 10 kwa mzazi anayechelewa zaidi ya dakika 10. Kuchelewa kukaongezeka, kukafika karibu mara mbili. Mwanzo mzazi alikuwa anaona aibu kumweka mwalimu, sasa amelipia, aibu ya nini. Na walipoiondoa ile faini wazazi hawakurudi kuwa kama zamani. Utafiti huo ulitoka mwaka 2000 na mpaka leo nikimsikia mtu anatangaza faini ya kuchelewa najua amewauzia wafanyakazi wake ruhusa ya kuchelewa kwa elfu mbili. Zaidi ya hapo ile sheria ya 2004 haikuruhusu kukata mshahara wa mtu unavyojisikia, makato yana masharti yake na kwa mambo kama hasara inatakiwa awe amekubali kwa maandishi. Mtu akichelewa mara kwa mara muulize kuna nini. Unaweza kukuta ni mtoto anayepelekwa shule saa moja, ukimsogezea muda wa kuingia kwa nusu saa na kutoka kwa nusu saa tatizo limeisha.

VITU VITATU VYA KUWEKA

Huyohuyo Deci na mwenzake Richard Ryan, wa Chuo Kikuu cha Rochester, walikuja na nadharia ambayo mimi naikubali kuliko zote kwenye hii mada kwasababu ni fupi na inashikika. Wanasema hamu ya ndani ya mtu inaishi kwa vitu vitatu, kujiona ana uamuzi kwenye anachofanya, kujiona anaweza na anazidi kuweza, na kujiona yuko na watu wanaomjali. Kikosekane kimoja tu utaona mtu anaanza kufifia.

Uamuzi kwanza. Haimaanishi kila mtu afanye anavyotaka, oda ni oda, sketi ya marinda manane haiwi ya marinda sita kwasababu fundi ana uhuru. Inamaanisha kwamba lengo umeshaliweka wewe, njia mwachie. Kwenye msimu wa sare saizi huwa zinachanganyikana, unakuta furushi la saizi 24 lina mikono ya saizi 28, na kila mtu anamlaumu mwenzake. Binti mmoja wa mezani kwetu, mdogo kuliko wote, akasema dada, mi naona kila saizi tuifunge na kipande cha rangi yake, mabaki si yapo. Nikamwambia chukua oda hii ya leo ifunge hivyo tuone. Ilivyofika jioni alikuwa amechana mabaki ya vitenge kuwa kamba, nyekundu 24, njano 26, bluu 28, amebandika orodha ukutani kwa mwandiko wake, na mtu akikosea rangi anamkemea hata fundi mkubwa. Hajaongezwa shilingi kwa hiyo kazi, ila furushi ni lake sasa, na siku nikimletea mtu mwingine apange mafurushi bila kumuuliza nitakuwa nimeua kitu. Kwahiyo kabla hujatoa maelekezo jaribu hii: sema kinachotakiwa na mwisho ni lini, halafu uliza wewe ungeanzaje. Na kama kuna jambo halina mjadala eleza kwanini, mtu anayejua sababu anavumilia amri.

Kujiona anaweza. Hapa ni mambo ya kipimo cha kazi na jinsi unavyosahihisha. Kazi ikiwa nyepesi mno mtu analala, ikiwa ngumu mno anaogopa na kuanza kujificha chooni na simu, inatakiwa imzidi kidogo tu. Aliyeshika upindo mwezi mzima mpe mfuko, aliyeshika mfuko mpe zipu, kola iache ya mwisho. Na unaposahihisha taja kitu, usimtaje mtu. Wewe huna akili haimsaidii kujua afanye nini, ila hapa zipu imevuta kwasababu ulikaza kitambaa wakati unaishona, kiachie, kesho anaiachia. Sifa pia, umejitahidi ni maneno matupu, ila mwambie mkanda wa hii sketi umelala vizuri hauna mkunjo hata mmoja, hiyo ataikumbuka kwasababu inaonyesha umetazama kweli.

Na usisahihishe fundi mtu mzima mbele ya vijana. Nimeshuhudia kwenye ofisi moja mzee wa suti, fundi ambaye hata wenye maduka wanamwita shikamoo, bosi kijana anamwambia mbele ya wanafunzi mzee hili koti umelikosea bega bhana, umeanza kuzeeka nini. Mzee hakujibu, akaweka chaki, akavua ile futi shingoni akaikunja taratibu, akaenda kunywa chai. Ile chai ilikwisha saa kumi na moja jioni. Bega lenyewe lilikuwa limekosewa kweli, lakini ilitakiwa iwe mzee samahani, njoo nikuonyeshe kitu huku, pembeni, sentensi moja, na koti lingeisha siku hiyohiyo.

Watu. Hapa kwetu hatuna shida sana ya nadharia, tatizo ni bosi anapojiona yeye hayumo. Mfanyakazi akifiwa nenda. Usitume hela kwa simu ukaishia hapo, nenda ukae kwenye mkeka hata nusu saa, ofisi nzima itaona na itakumbuka miaka. Sheria yenyewe inampa mtu siku 4 zenye malipo akifiwa na mzazi, mwenza au mtoto, lakini kwenda kwako hakuko kwenye sheria na ndio maana kuna uzito. Mle pamoja siku moja moja, mjue watoto wao wanasoma darasa la ngapi. Ila usivuke mpaka, ile sisi hapa ni familia inayotumika kumwomba mtu afanye kazi Jumapili bure, watu wameshaistukia.

MUONYESHE ANAYEVAA

Hiki ni kidogo lakini kina nguvu. Kwenye chuo kikuu kimoja Marekani kulikuwa na vijana kazi yao ni kupiga simu kuomba michango ya kuwasomesha wanafunzi, kazi ya kukataliwa siku nzima. Adam Grant na wenzake, utafiti wa mwaka 2007, waliwaletea mwanafunzi mmoja aliyesomeshwa na hiyo michango akaongea nao dakika tano tu. Mwezi mmoja baadaye waliokutana naye walikuwa wanakaa kwenye simu zaidi ya mara mbili ya walivyokuwa mwanzo, na hela waliyokusanya nayo ikaongezeka. Hakuna aliyeongezewa mshahara.

Fundi wa sare anashona mashati elfu na hamuoni hata mtoto mmoja. Sasa shule zikifunguliwa Januari omba shule mnayoishonea ruhusa, chukua mafundi wawili watatu mkakabidhi wenyewe mzigo, wamuone mtoto wa darasa la kwanza anavyojishika kola. Gereji muache fundi ndio amkabidhi mteja funguo na kumweleza alichotengeneza, usimfiche nyuma. Duka la dawa hali kadhalika.

KAA NAYE CHINI

Yote hayo ni ya jumla, na mtu sio jumla. Kuna anayetaka uamuzi, kuna ambaye ukimpa uamuzi unamtesa, anataka tu aambiwe na arudi nyumbani mapema kwa mama yake mgonjwa, na huyo naye ni mfanyakazi mzuri, usimlazimishe ndoto za uongozi. Kwahiyo mara moja moja kaa na mmoja mmoja, nje ya ofisi ikiwezekana, chai na chapati, bila daftari. Usiulize una tatizo gani, atakujibu hamna bosi. Uliza kama Herzberg: hapa kazini siku gani ulirudi nyumbani umefurahi, ilikuwaje? Na siku gani ulitamani usirudi tena? Halafu nyamaza. Ugumu uko hapo kwenye kunyamaza, sisi mabosi tunapenda kujitetea kabla mtu hajamaliza. Akisema siku ile uliyonikatia hela ya kitambaa, usianze kumweleza bei ya kitambaa, mwambie nimesikia, endelea.

Kitu kimoja alichokitaja kitekeleze ndani ya wiki hiyo, hata kiwe kidogo kama kubadilishiwa kiti. Usipotekeleza bora usingeuliza, maana mara ya pili atakujibu hamna bosi na ofisi nzima itajua kwamba yale mazungumzo ni ya kupunga upepo. Na kama umetengeneza malipo, umempa kazi inayomfaa, umemheshimu, umemuuliza, na bado mtu anaiba vitambaa au haji siku tatu bila taarifa, huyo sio suala la motisha tena, fuata utaratibu muachane kwa amani.

Kuna jibu moja ambalo linawatisha wenye ofisi, ukimuuliza fundi anataka kuwa wapi anakwambia nataka kufungua ofisi yangu. Wengi hapo wanaanza kumficha wateja na kumnyima kazi za kujifunza, na hapohapo hamu yake inakufa na anaondoka mapema zaidi, tena na hasira. Mimi nashauri mkubaliane waziwazi, mwambie sawa, nipe misimu miwili ya Januari, ndani ya hiyo misimu nitakufundisha kukata, kupiga hesabu ya kitambaa na kuongea na shule, na wewe utanifundishia mmoja wa kushika nafasi yako. Andikeni. Siku akifungua yake nenda kwenye ufunguzi, mpe hata mkasi, maana Januari inayofuata ukizidiwa unahitaji mtu wa kumpelekea dazeni kumi za mashati ambaye kola zake unazijua.